Goti la Panzi

Panzi alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, uso ukitazama juu alikotoka, mkono umeshika bomba la pembeni, kama mtu anayeshuka kutoka darini. Wasichana wa timu waliokuwa chini wakifunga kamba za viatu wakamwona.

"Jamani, Panzi leo anarudi rivasi kama gari la taka!"

"Mwacheni, anaiaga jimu. Hataki kuipa mgongo."

Naye akacheka, maana ukichekwa ni afadhali uwahi kucheka na wewe. Lakini alikuwa ameuma meno. Akishuka uso mbele, kila kipandio kilikuwa kama mtu anamchomeka bisibisi chini ya kifuniko cha goti. Akishuka kinyumenyume, bisibisi inatulia. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameligundua mwenyewe, kama mbwa anavyojua kulalia ubavu usiouma.

Chini, kocha wa timu akapuliza filimbi yake. "Panzi! Umechelewa! Leo siku ya miguu!"

Siku ya miguu. Na huko juu alikotoka nako ilikuwa siku ya miguu.

Jina hilo la Panzi alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikoanza kazi akiwa bado msichana mdogo. Kamba za kuanikia zilikuwa zimefungwa juu mno, na wanawake wenzake walikuwa wakizivuta kwa fimbo. Yeye hakuwa na muda wa fimbo. Aliruka, akashika, akatua na shuka mkononi. Msimamizi wa chumba kile, mwanamke mpana wa sauti na mabega waliyemwita Mama Povu, akamtazama siku kadhaa bila kusema kitu, kisha akasema, "Wewe huna kazi na kamba. Wewe una kazi na wavu." Akampeleka kwa kaka yake anayefundisha timu ya wanawake ya mpira wa wavu.

Kaka huyo watu walimwita Filimbi, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila filimbi shingoni. Walisema hata kwake akitaka chumvi mezani anapuliza.

Mume wa Mama Povu naye alikuwa mtu wa mazoezi, ila wa vyuma. Alisimamia jimu, na jina lake lilikuwa Chuma, hakuna aliyejisumbua kumtafutia lingine. Na jimu hiyo iko wapi? Iko juu ya uwanja wa Filimbi, jengo moja, paa moja, ngazi moja. Chuma akiangusha uzito, vumbi linamwangukia Filimbi kichwani.

Wale wawili, mashemeji, walikuwa hawasemezani. Chanzo ni pampu. Filimbi aliazima pampu ya shemejiye ajaze mipira, ikarudi sindano imevunjika. Mmoja akasema niliipokea hivyo, mwingine akasema nilikupa nzima. Basi. Watu wazima, mmoja ana mvi za kidevu, mwingine ana mjukuu, wakanuniana kwa sindano ya pampu. Na ukizoea kununa, kununa kunakuwa kazi, nayo ina bidii yake.

Kwa hiyo siku ya Panzi ilikwenda hivi. Asubuhi, mashuka. Shuka kavu ni kitambaa, shuka lililolowa ni mtu mzima. Unalitoa kwenye mashine limejikunja na wenzake, unalivuta, unalibeba begani, unapanda nalo mpaka uani kwenye kamba. Mama Povu alimweka upande wa mashuka mabichi kila siku. "Wewe mwanamichezo. Hayo ndiyo mazoezi yako ya bure."

Kutoka hapo, jimu kwa Chuma. Chuma alikuwa mwalimu, na hilo Panzi hakuwahi kumnyima. Hakukuruhusu uguse uzito mpaka ujue kuchuchumaa na fimbo ya ufagio begani, magoti yakifuata vidole, mgongo umefungwa kama mlango wa stoo. "Nguvu kwanza," alikuwa akisema. "Anayeruka bila nguvu anaruka kwa mkopo." Ndipo anakuwekea chuma begani, anaongeza, anaongeza tena.

Kutoka hapo, ngazi, halafu Filimbi. Naye alijua kazi yake. Alijua kumfundisha mtu kutua kimya, kwa nyayo zote, nyonga zikirudi nyuma. "Nikisikia kishindo nimesikia ujinga!" Aliwarusha juu ya mabenchi, akawarusha wavuni kuzuia, kushoto, kulia, tena. "Mruko unafundishwa na mruko. Nani aliwahi kujifunza kuogelea kwa kubeba maji?"

Ungemchukua kila mmoja peke yake, ungesema huyu ndiye. Mama Povu alikuwa na haki ya kutaka mashuka yaanikwe. Chuma alikuwa na haki ya kutaka nguvu. Filimbi alikuwa na haki ya kutaka mruko. Wote watatu walikuwa na haki, na haki zote tatu ziliwekwa juu ya goti moja.

Siku Panzi alipomwambia Filimbi kwamba amechoka, Filimbi alimtazama kama aliyeona nzi kwenye chai.

"Umechoka na nini? Kwangu hujafanya kitu bado."

"Nimetoka juu, Kocha."

"Aaa. Juu." Akatazama dari. "Basi leo tunaongeza raundi, tukutoe kutu ya huko."

Alipomwambia Chuma kwamba jana aliruka sana, Chuma akatingisha kichwa kwa huzuni ya kweli. "Nilijua. Wanawalainisha kule. Ngoja tuongeze kidogo, tukurudishie miguu yako."

Watu husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa waliopigana walikuwa kunguru, na aliyevunjika mguu akawa panzi.

Maumivu yalianza kama kitu kidogo. Asubuhi goti gumu, likipata joto linaachia. Baadaye likawa haliachii mpaka mchana. Baadaye akawa anakaa kitini kwa kujitupa, na bibi yake anayeishi naye akasema, "Mjukuu wangu, sasa tunakaa sawa, mimi na wewe. Tofauti ni kwamba mimi nimefika kwa miguu yangu." Bibi ndiye aliyemsukuma kwenda kliniki.

Tabibu wa viungo alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alimbonyeza chini ya kifuniko cha goti, Panzi akaruka, na huo ulikuwa mruko wake mzuri kuliko yote ya wiki ile.

"Hii ni kano," akasema tabibu. "Ni kama kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Inavutwa kila ukiruka na kila ukitua. Nani anakupangia mazoezi?"

"Yupi?"

Tabibu akainua macho. "Wako wangapi?"

Panzi akamweleza. Alipofika kwenye mashuka tabibu aliacha kuandika.

"Na siku ya kupumzika ni ipi?"

"Kocha akinipumzisha, naenda kwa Mwalimu. Mwalimu akinipumzisha, naenda kwa Kocha."

"Sikiliza, dada. Kano haichukii mzigo. Ukiiweka kitandani mwezi mzima utaamka nayo imelegea, ikauma zaidi. Inachochukia ni kujazwa kabla haijajijenga. Mwili unajijenga ukiwa umepumzika, mazoezi ni kuuagiza tu. Sasa wewe unaagizwa na watu watatu, na fundi ni mmoja, naye hapati usingizi. Kawaambie wakae pamoja, wapange ratiba moja ya wiki, ya mtu mmoja."

"Hawakai pamoja."

"Wana nini?"

"Pampu," akasema Panzi, na alipojisikia akilitamka neno hilo mbele ya mtu mwenye akili zake, uso ulimwaka moto.

Aliwaambia hata hivyo. Alianza na Filimbi, mbele ya timu, kwa sababu Filimbi hapatikani peke yake. Mashindano ya kanda yalikuwa karibu.

"Watu wanafiwa na wanakuja mazoezini," Filimbi akasema. "Wewe una kigoti. Sikiliza, mwanangu, kama huruki wiki hii, nafasi yako anapewa Kidagaa. Au kuna mvulana huko? Maana magoti ya wasichana, mara nyingi, yana jina na namba ya simu."

Wengine wakacheka. Panzi hakucheka. Kidagaa, msichana mwembamba aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo kwenye benchi tangu aje, alitazama viatu vyake.

Kwa Chuma ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Chuma alimwonea huruma. "Nilikwambia huyo atakumaliza. Nilisema au sikusema?" Kisha, huruma ikiwa bado usoni, akainama akaongeza sahani ya uzito kwenye chuma. "Njoo tukujengee kinga."

Na Mama Povu akasema, akikunja mikono ya gauni, "Goti! Langu mimi lina umri wa mama yako, na nasimama nalo." Akamwonyesha toroli la mashuka.

Panzi hakuwa mtu wa kujibu. Wanaomjua wanasema aliweza kukaa na neno moyoni mpaka likaota mizizi. Alilivuta toroli. Lakini aliyekuwa akimtazama angeona kwamba alikuwa hatazami tena mashuka, anatazama watu.

Ndani ya chumba kile cha kufulia kulikuwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuivunja. Zamani mashine kubwa iliwahi kuungua. Wanawake wa zamu ya asubuhi walikuwa wameijaza wakatoka kunywa chai, wa zamu ya pili wakaikuta kimya, wakaona juu kuna tundu, wakashindilia na yao. Moshi ukatoka mpaka wodi ya wazazi. Tangu siku ile Mama Povu alisema: anayetia na aite. Ukiweka kitu kwenye mashine unapaza sauti, "Nusu!" au "Imejaa!" Ikimaliza kazi nzito unapaza, "Inapumua!" na mlango unaachwa wazi, hakuna kuigusa mpaka ipoe. Na wote mliomo mnajibu, "Tumesikia!" Hujajibu, hujasikia. Wagonjwa wa dirisha la karibu walishazoea, wengine wakawa wanajibu kutoka kitandani.

Asubuhi ile mwanamke mgeni kazini alitia mablanketi kimyakimya. Mama Povu akamwona. Alivuka chumba kama mlango uliong'oka.

"Umeita?"

"Mama, niliona ina nafasi…"

"Uliona tundu! Tundu si nafasi! Hujui nani ametia kabla yako, hujui imetoka kufanya kazi gani, unashindilia tu kwa sababu nguo zako ni zako? Mashine ni moja! Injini ni moja! Ikiungua haitauliza ni blanketi la nani!"

Panzi alikuwa nyuma yake, mzigo wa mashuka mabichi begani, maji yakimtiririka mpaka kiunoni, goti likipiga kama jino bovu. Akasikia kila neno. Na lile neno lake lenye mizizi likang'oka na udongo wake.

Akayabwaga mashuka sakafuni. Sakafuni, kwenye maji machafu, mashuka safi.

"Umerukwa na akili?" akasema Mama Povu.

"Mashine hii mnaipigia kelele ili isiungue," Panzi akasema. "Mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Asubuhi unanijaza wewe. Ukimaliza ananijaza mumeo. Mumeo akimaliza ananijaza kaka yako. Nani kati yenu aliwahi kuita? Nani alimwambia mwenzake 'nusu'? Mama, nashuka ngazi kinyumenyume kama mwizi! Ukoo mzima mmenikalia goti moja, na nikisema linauma naambiwa nina mvulana!"

Mama Povu alikuwa mwanamke mwenye kiburi, na watu wa aina hiyo wakikosea hawaombi radhi, wanatafuta kazi ya kufanya. Akafungua aproni akaitundika.

"Okota mashuka," akamwambia yule mgeni. "Wewe, Panzi, twende."

Walivuka barabara wakaingia kwenye lile jengo la jimu na uwanja. Mama Povu alipanda ngazi nusu, akasimama kwenye ile sehemu bapa ya katikati ambapo ngazi inakata kona.

"Baba wa wanangu!" akaita juu. Akainama akaita chini, "Na wewe mtoto wa mama yangu! Tokeni!"

Chuma akatokeza juu, taulo shingoni. Filimbi akatokeza chini. Walipoonana, kila mmoja akageuza uso ukutani.

"Simwombi mtu asalimiane na mtu," Mama Povu akasema. "Niambieni mimi. Siku ya miguu, mnampa nini huyu?"

Chuma akamwambia mkewe: kuchuchumaa na uzito mpaka wa mwisho anaouweza, kupanda benchi na uzito mikononi, kuruka masanduku ya kumalizia. Filimbi akamwambia dada yake: mabenchi kuruka kwenda na kurudi, kuzuia wavuni, mashambulizi mpaka mikono iishe. Mama Povu naye, polepole, kama anayetoa mwiba, akasema mashuka. Vilisemwa kwa mara ya kwanza hewani, kimoja juu ya kingine, ngazi nzima ikijaa. Walipomaliza, hakuna aliyekuwa akiangalia ukuta tena. Walikuwa wakiangalia goti.

"Mimi sikujua kama huko juu anaruka tena sanduku," akasema Filimbi.

"Na mimi sikujua kama…"

"Mlijua." Panzi alikuwa amekaa kipandioni, hakuinuka. "Kocha, nilikwambia nimetoka juu, ukaongeza. Mwalimu, nilikwambia nimeruka, ukaongeza. Mliongeza kwa sababu mlijua. Hamkuwa mnanifundisha mimi, mlikuwa mnajibizana. Mngenunua pampu nyingine, jamani. Ingekuwa rahisi kuliko mguu wangu."

"Na mimi?" akauliza Mama Povu, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Na wewe unawafulia wote jezi, Mama. Ulijua niko kote."

Panzi akaendelea, maana mlango ukishafunguka ni heri upitishe na kabati. Hatapanda juu wala hatashuka uwanjani mpaka kuwe na wiki moja, ya mtu mmoja, wamepanga wote watatu. Wakitaka wampe Kidagaa nafasi, wampe. Lakini Kidagaa naye ana magoti mawili tu.

Walipangia palepale ngazini, kwa ukali, kama watu wanaogawana urithi. Chuma na Filimbi bado walikuwa wakipitisha maneno kwa Mama Povu. "Mwambie huyo, kama anataka kurusha, arushe mtu akiwa hajachoka, kabla ya chuma, michache, halafu kesho yake asiguswe." "Mwambie na yeye, wiki ya mechi apunguze mizigo." "Kupunguza sawa, kuacha hapana, nguvu ikiachwa inaondoka." Kwa hiyo chuma na mruko vikawekwa siku moja, ili siku inayofuata iwe ya kujijenga kweli, ya kupokea mpira na kupasiana tu. Siku za miguu Mama Povu atamweka kwenye kupiga nguo pasi na kukunja, si kwenye mashuka mabichi. Na kabla ya hayo yote, wiki nyingi za kulijenga goti upya: kukaa hewani mgongo ukiwa ukutani, kisha kuchuchumaa taratibu na uzito mdogo, kama alivyosema tabibu.

"Na mashindano?" Filimbi akauliza, safari hii akimtazama Panzi mwenyewe.

"Nenda na Kidagaa," akasema Panzi.

Alilia baadaye, uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo mtu haonekani ila miguu. Mwaka mzima alikuwa ameungoja wavu ule. Timu ilikwenda bila yeye, ikarudi na nafasi ya nne, na Filimbi alisikika akiwaambia watu mlangoni kwamba "Panzi alikuwa hajisikii." Hajisikii! Kana kwamba ni mafua. Kana kwamba goti lilijila lenyewe. Mpaka leo hakuna kati ya wale watatu aliyetamka neno samahani, na Panzi ameacha kulingoja, ila hajaacha kukumbuka kwamba anadai.

Lakini siku Chuma alipomruhusu kuruka tena, jambo hili lilitokea. Aliruka sanduku fupi, mara chache, akatua bila kishindo. Kisha akachuchumaa na chuma begani, uzito wa katikati, na Chuma akamwambia inatosha, ingawa miguu yake bado ilikuwa inataka. Alipokuwa akifuta jasho, Chuma alikwenda mpaka kwenye kichwa cha ngazi. Akasimama pale muda, akajikuna shingo, akakohoa.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Miguu ya huyu nimeijaza nusu!"

Chini mipira ikaacha kudunda. Panzi alishika bomba la pembeni akangoja, maana sheria ni sheria: asiyejibu hajasikia.

"Nimesikia!" ikajibu sauti ya Filimbi, kavu kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Panzi akakaza kamba za viatu. Hakumshukuru wa juu, na hakuwa na mpango wa kumshukuru wa chini. Ilibidi goti lake liharibike ndipo watu wawili wasemezane neno moja, na kwa bei hiyo alikuwa ameibiwa. Akageuka, uso mbele, akashuka kipandio cha kwanza, akalisikiliza goti. Akashuka cha pili.